Mlango wa Duka na Uwanja wa Kuanikia

Katika mitaa ya Dodoma hapana mlango unaopitwa na watu wengi kuliko mlango wa duka dogo. Asubuhi mtoto hutumwa chumvi na sukari, mchana mama hununua nusu kilo ya unga, na jua likishatua baba huja kutafuta sabuni au kiberiti. Mwenye duka twamjua, naye atujua. Hutukopesha mwezi unapokuwa mrefu, tena ajua ni nyumba gani ina mgonjwa na ni ipi imepata mgeni. Wengine humwita Mangi, ijapokuwa hajapata kuuona mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Kwa hiyo bwana afya anapoingia katika duka hilo na daftari lake, majirani huona kana kwamba mgeni amekuja kumsumbua ndugu yao. Twataka kunena juu ya neno hilo, maana ni habari ya uhai wa watoto wetu.

Kwanza na tueleze kazi ya huyo bwana afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 yampa ruhusa kuingia mahali panapouzwa chakula, kukitazama, na kukizuia kisichofaa kuliwa. Hutazama kama sakafu na dari ni safi, na kama panya wana njia ya kuingilia. Hutazama kama magunia yamewekwa juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Kama mafuta ya taa na sumu ya panya vimetengwa mbali na unga. Kama vyakula vya makopo na pakiti havijapita tarehe yake. Tena huuliza cheti cha afya cha yule agusaye chakula kwa mikono. Juu yake liko Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ambalo tangu Julai 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula katika Tanzania Bara. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Mwaka mmoja, miezi michache baada ya mavuno, bwana afya alifika katika duka la mtaani kwetu, nasi tulikuwapo tukinunua chumvi. Akayapita makopo, akaipita mizani, akafika penye gunia la karanga. Akatia mkono mpaka chini, akatoa konzi moja, akazimwaga juu ya gazeti. Zile za juu ya gunia zilikuwa nzuri. Hizi za chini zilikuwa zimenyauka, nyingine zina rangi ya kijani kibichi kwenye mpasuko wake, na harufu yake ilikuwa ya nyumba iliyofungwa siku nyingi. Akaandika katika daftari, akaamuru gunia litolewe nje likaharibiwe.

Mwenye duka akatugeukia, akasema, "Mwalimu, nisemee kwa bwana huyu. Gunia hili ndilo sare na madaftari ya mwanangu." Nje watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mmoja akasema, "Wadogo waonewa, wakubwa waachwa." Mwingine akaomba apewe karanga hizo awape kuku wake. Bibi mmoja mzee akasema, "Twala hizi tangu ujana wetu, mbona hatujafa?"

Maneno yale yalituuma, kwa kuwa yule ndugu si mwizi wala si mlaghai, na gunia moja kwa mtu wa duka dogo ni faida ya siku nyingi. Tukamjibu, "Ndugu yetu, hasara hii ni chungu kwetu pia, wala hatukuhesabu kuwa mtu mbaya. Lakini hatuwezi kuomba karanga hizi zirudi dukani, kwa maana watakaozila ni watoto wa nyumba hizi." Basi akanyamaza, akamsaidia bwana afya kulitoa gunia.

Huenda msomaji akasema kwamba tulikuwa wagumu. Na akumbuke yaliyotukia katika nchi hii yetu ya kati mwaka 2016. Mwezi wa Juni mwaka ule, katika wilaya ya Chemba, watu walianza kuugua ugonjwa usiojulikana: walitapika, matumbo yakawauma na kuvimba, macho yakawa ya manjano. Kwanza watu waliishuku nyama, maana baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekula nyama ya ng'ombe aliyechinjwa baada ya kuvunjika mguu. Walakini wapimaji walipochunguza zaidi, ugonjwa ulionekana kutoka katika mahindi. Yalikuwa na sumukuvu, yaani sumu itokayo katika kuvu liotalo juu ya nafaka na karanga, nayo hushambulia ini. Ugonjwa ulienea katika Chemba, Kondoa na sehemu nyingine za mkoa wa Dodoma, hata Kiteto katika mkoa wa Manyara. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 68, na kati yao 20 walikufa.

Tena si sisi peke yetu. Jirani zetu wa Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na nyinginezo, waliona msiba kama huu mwaka 2004. Wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sababu ya mashudu ya karanga yaliyotiwa katika chakula chao, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuitambua sumu hii. Habari za mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, tangu mwaka 1947 hata 1951, bado zasimuliwa kwetu. Lakini siku zile hapana mtaalamu aliyekuwa amekwisha kuipa sumu hii jina.

Na hili ndilo jibu kwa yule bibi mzee. Sumukuvu ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Ikiwa kidogo, haionekani kufanya neno lo lote, illa hukaa ikilidhuru ini mwaka hata mwaka, na mwisho huweza kuleta saratani ya ini. Wataalamu waiona pia katika damu ya watoto wadogo waliodumaa. Mtu aweza kula, asife, asijue ni kitu gani kilichomwua jirani yake baada ya miaka ishirini. Na yule aliyetaka kuwapa kuku ajue kwamba sumu hii huwadhuru kuku vile vile, na ng'ombe wa maziwa akilishwa pumba zenye sumu, sehemu yake hutoka katika maziwa.

Kiasi kilichoruhusiwa katika mahindi na karanga ni mikrogramu 10 katika kilo moja. Msomaji apendaye hesabu na apige: ni sawa na gramu 1 iliyotawanywa katika magunia 1,000 ya kilo mia mia. Basi ni jicho gani liwezalo kuiona? Kuvu twaweza kuliona, lakini sumu yenyewe haina rangi wala ladha. Kupika hakuiondoi; moto wa jikoni hautoshi. Hindi jeupe laweza kuwa nayo, na unga hauna uso wa kutazamwa. Kwa hiyo bwana afya, hata akiwa mwaminifu, aweza kulitoa gunia lililooza waziwazi, lakini gunia lenye sura njema litampita mpaka sehemu yake ipelekwe maabara. Mlango wa duka ni mlango wa mwisho. Iko milango mingine kabla yake.

Jioni ile tulirudi kwa mwenye duka kumpa pole, tukamwuliza karanga zile alizinunua wapi. Akatuambia bila hasira: kwa watu watatu, wote wa kwetu, wakulima tunaosalimiana nao kila siku. Nao hawakukusudia ubaya. Kubangua karanga kwa vidole ni kazi ndefu, na watu wengi huzilowesha maji ili maganda yalainike. Kisha huzitia gunia kabla hazijakauka sawasawa. Maji yale yale yaliyopunguza kazi ya siku mbili ndiyo yaliyolilea kuvu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tukimnung'unikia bwana afya mlangoni, kumbe ubaya ulianzia katika uwanja wa nyumba zetu.

Tena liko jambo lingine ambalo hufanywa hata katika nyumba njema. Mama huchagua karanga, nzuri akaziweka upande, mbaya upande. Zile nzuri hukaangwa au huuzwa. Zile mbaya hazitupwi, bali husagwa ziwe unga wa kuungia mlenda na mboga nyingine, kwa kuwa zikisagwa hazionekani. Mahindi yaliyooza hupelekwa kwenye pombe ya kienyeji. Na unga wa lishe wa watoto, unaochanganywa mahindi na karanga, mara nyingine husagwa kwa kile kilichobaki. Hivyo kilicho kibaya kuliko vyote humfikia aliye mdogo kuliko wote. Hapa hapana mkaguzi awezaye kuingia. Aliye peke yake na ungo wake ndiye mkaguzi.

Basi yatupasa kufanya nini? Mambo yenyewe si makubwa, wala hayataki fedha nyingi. Mahindi yavunwe mara yakomaapo, yasiachwe shambani kuliwa na wadudu na kuloa. Yasianikwe juu ya ardhi tupu. Yaanikwe juu ya turubai, au mkeka, au chanja. Karanga zikaushwe kabla ya kubanguliwa, na maji yasizikaribie kamwe. Yaliyotoboka, yaliyonyauka na yaliyobadilika rangi yachaguliwe na kufukiwa, yasiwe chakula cha mtu wala cha mnyama. Gunia likae juu ya chaga, mahali penye hewa na pasipovuja. Kukoboa mahindi hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Tena tusiudharau mtama na uwele wa wazee wetu. Kwa kawaida nafaka hizi hazishikwi na sumukuvu kwa wingi kama mahindi, nazo zavumilia ukame wetu. Nyumba ile iliyo na nafaka mbili tatu haitegemei gunia moja kwa uhai wake.

Na walimu, hasa ninyi mtunzao ghala ya uji wa shule, liko jaribio dogo mwezalo kulifanya mbele ya watoto. Chukueni chupa kavu ya kioo, mtie punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, mfunge kizibo na kutikisa vizuri, kisha mwiache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, hayafai kuwekwa ghalani. Ikianguka yote chini, yamekauka. Jaribio hili halipimi sumu, lapima unyevu tu. Lakini pasipo unyevu kuvu halina maisha.

Neno la mwisho ni juu ya mwenye duka. Si haki hasara yote imwangukie yeye aliyepokea kwa mkono wa jirani. Kwetu mtaani tulikubaliana naye hivi: kila aletaye karanga au mahindi dukani humwaga debe moja juu ya turubai mbele yake, wakachagua pamoja, na zilizochaguliwa hupata bei iliyo bora kidogo. Nasi wanunuzi hatukasiriki tukiambiwa bei hiyo, kwa kuwa twajua twanunua nini. Hata biashara kubwa hufuata njia hii: Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, kisha ikayafungulia kwa sharti la kuonyesha cheti kwamba sumu haizidi kiasi. Ikiwa magunia ya soko la Kibaigwa yaulizwa cheti mpakani, si ajabu debe la mtaani likiulizwa swali mlangoni.

Bwana afya atakapokuja tena, msimpokee kama adui, wala msimwachie kazi yote. Mwenye duka na amfungulie mpaka gunia la nyuma. Na sisi sote, jioni hii kabla jua halijazama, twende tukatazame kilichoanikwa uani: kama kiko chini, tukiinue, kama kimeloa, tukirudishe juani kesho, na kama kimeota kuvu, tuchukue jembe tukifukie, hata kama ni debe zima.