Mwiba Haukutoka



Kanisani kwetu ushuhuda una desturi yake. Mtu husimama, akaeleza shida iliyompata, akasema aliomba, kisha akatangaza kwamba ameshinda. Kinanda kinapigwa, vigelegele vinasikika, anakaa. Nimewashangilia wengi na sina kijicho. Ila kwa miaka mingi nilikaa benchi la nyuma nikijua kuwa ushuhuda wangu hauna mahali pa kupigiwa kinanda, kwa sababu nilichoomba sikukipata. Binti yangu ana selimundu, sikoseli kama tunavyoiita mtaani. Alikuwa nayo nilipoanza kumlilia Mungu, na anayo mpaka leo. Ninachotaka kukishuhudia ni jinsi tulivyoshikwa mkono huku ugonjwa ukiwa pale pale.

Mimi ni muuza dagaa, Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Anayeijua kazi hii anajua kwamba inakwenda na giza. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, dagaa wakaufuata mwanga. Mwezi ukishapevuka taa haifui dafu, basi mitumbwi inapumzika, na sisi tunapumzika bila kupenda. Mvua nayo ikiwakuta dagaa wameanikwa, wanaharibika, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo fedha yangu huja kwa vipindi. Maumivu ya mwanangu hayajawahi kungoja kipindi.

Yalianza vidoleni. Hakuwa ametimiza mwaka. Viganja vilivimba, vidole vikawa vinene, ukimgusa analia mpaka sauti inakauka. Zahanati ya karibu walitibu malaria. Akapata nafuu, ikarudi. Macho yakageuka manjano. Jirani mmoja akasema kalogwa, mwingine akasema nilikanyaga kitu nikiwa mjamzito. Aliyetutoa gizani ni daktari wa watoto kule Bugando, hospitali ya juu ya kilima, baada ya kuagiza kipimo cha damu. Alichukua kalamu akatuchorea nyuma ya kadi ya kliniki. Chembe nyekundu ya kawaida ni mviringo na hupita kwenye mshipa mwembamba bila taabu. Ya mwanangu ikipungukiwa oksijeni hujipinda kama mundu, chembe zikanasana, damu ikakwama, na pale ilipokwama ndipo panapouma. Baridi huchochea. Kukosa maji huchochea. Homa yoyote huchochea. Akasema hapa Tanzania hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, na Kanda ya Ziwa imebeba mzigo mkubwa, kwa kuwa anayerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na malaria huku kwetu ni ya tangu mababu.

Kisha akasema baba mtu aje apimwe.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mama mkwe alikwishakata shauri kwamba damu mbaya imetoka kwetu, na wifi zangu walikuwa wakilisema hilo jikoni kwa sauti ya kutosha nami nisikie. Mume wangu aliahirisha, akaahirisha tena. Alipokwenda mwishowe, majibu yakasema yeye ni mbebaji kama mimi. Mtoto huugua pale tu anaporithi kwa baba na kwa mama, na kila mimba ya watu kama sisi ina nafasi moja kati ya nne. Njia nzima hakufungua kinywa. Tulipofika nyumbani alimwendea mama yake uani, akamwambia, "Mama, na mimi nimo." Akaingia ndani. Tangu siku ile jikoni kukawa na maneno mengine. Kama kuna siku niliyoiona neema kwa macho katika ndoa yangu, ni hiyo.

Ziko nyakati maneno ya dini yalinilemea kuliko ugonjwa. Mtumishi mmoja wa mkutano wa injili alimwekea mtoto mikono, akatangaza amepona, kisha akaagiza tuache dawa, kwa hoja kwamba kuendelea kumeza ni kumwambia Mungu hatumwamini. Nilisema amina kwenye maombi yake, na usiku ule nikampa mwanangu foliki asidi yake kama kawaida. Anayemwambia mama atupe dawa ili imani ionekane anacheza na mtoto wa mwenzake, na nitalisema hilo hata mimbarani nikiitwa. Mtume Paulo mwenyewe, Wakorintho wa Pili sura ya 12, alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba, na mwiba haukutoka. Alichopewa ni jibu kwamba neema inamtosha na kwamba uweza wa Mungu hutimilika kwa aliye dhaifu. Sijasikia mtu akisema Paulo alipungukiwa na imani.

Nasema uweza, lakini sijawahi kuusikia mwilini. Wengine husimulia moto, au joto linaloshuka kuanzia kichwani. Mimi hapana. Mimi niliona tu kwamba asubuhi nimeamka na nimebandika uji.

Usiku mmoja wa mvua maumivu yalimshika miguuni. Mtoto wa darasa la tatu wakati huo, amejikunja ukutani, anauma ncha ya shuka asiwaamshe wadogo zake. Nilikuwa nikimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto huku nikikemea kwa sauti, kama tulivyozoea. Akanishika mkono. "Mama, omba kimya kimya, kichwa nacho kinauma." Nikanyamaza. Maneno yaliniishia kabisa, hata Baba Yetu sikuimaliza. Baba yake alikuwa safarini Ukerewe. Nikampigia kijana wa bodaboda wa mtaani, Mwislamu, akaja ndani ya mvua, akatupakia, na pale mapokezi akakataa nauli akasema tutaonana.

Walimlaza, wakamwekea maji ya mshipa na dawa ya maumivu, na damu ikaonekana imeshuka mno. Akahitajika wa kuchangia. Kesho yake jioni vijana wa kwaya walitoka mazoezini wakapanda kilima na sare zao. Baadhi walikataliwa kwa wembamba, mmoja aliikimbia sindano na hadi leo tunamtania, waliobaki wakatoa. Nikakaa nikitazama tone baada ya tone likiingia kwenye mshipa wa mwanangu, nisijue ni la soprano au la besi.

Usiku huo huo mwenzangu wa Mwaloni, tunayepakana meza na kugombania wateja, alikuja na chupa ya uji. Hakuniombea, hakunipa mstari. Alinimiminia kikombe, akasimama mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Lala, mie nitamwangalia." Nikatandika khanga sakafuni, chini ya kitanda cha mtoto, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda. Baadaye nikisoma habari za Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19, alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, niliona kitu nilichokuwa nikikiruka: malaika hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani, mtu akiwa ameshashiba.

Leo yuko sekondari. Daktari alimwanzishia haidroksiurea, kidonge cha kila siku kinachohitaji damu ipimwe mara kwa mara, na tangu hapo vipindi vya maumivu vimepungua. Havijaisha. Gharama yake naipanga pamoja na mchango wa kikoba, na mbalamwezi ikirefuka nakopa. Walimu wamemruhusu kuvaa sweta hata jua likiwaka, na kwenda na chupa ya maji darasani. Aliwahi kuniuliza mbona Mungu hajamponya ilhali tunaomba kila siku. Nikamjibu sijui. Akafikiri, akasema, "Basi nitamuuliza mwenyewe," akarudi kwenye hesabu zake. Naye huomba sana, kuliko mimi, ila kimya kimya.

Juzi mama mmoja kijana alinijia mezani pale Mwaloni, ameelekezwa na watu, mtoto mgongoni. Alimshusha, akanifunulia viganja. Nikavitambua kabla hajasema neno. Aliuliza kama ni kweli wangu aliombewa akapona. Nikamwambia wangu anaumwa, na yuko shule, na tukaomba pale pale katikati ya magunia. Halafu nikamwandikia siku ya kliniki, nikamsisitiza awahi asubuhi, mtoto anywe maji ya kutosha njiani, na asiende peke yake: baba yake naye aende akapimwe.