Kombe la Medellín na Kombe Letu



Juma hili tulikuwa tukipanga bahasha za marehemu ambazo jumuiya ndogo ndogo zimezileta kwa ajili ya Misa za mwezi Novemba. Bahasha nyingi zina majina kumi, kumi na tano, mengine yameandikwa hata nyuma ya karatasi. Moja, iliyotoka katika kigango cha mbali, ilikuwa na jina moja tu, jina la kijana. Tulikaa nalo mkononi kitambo kirefu. Tutalirudia jina hilo (bila kulitaja), lakini kwanza mturuhusu tuwasimulie habari za kombe la mpira wa miguu; na wale wanaonung'unika kwamba Paroko wao hupenda mno mpira, watuvumilie kwa mara nyingine.

Katika Amerika ya Kusini kuna mashindano ya klabu yaitwayo Copa Sudamericana, yenye hadhi ya pili baada ya Copa Libertadores. Mwaka 2016 yalitokea mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia. Klabu ya Chapecoense hutoka Chapecó, mji wa viwanda vya nyama ulioko magharibi mwa jimbo la Santa Catarina, nchini Brazil. Ilianzishwa mwaka 1973. Mwaka 2009 ilikuwa ingali ikicheza daraja la nne la nchi yake, na mwaka 2014 ilikuwa imekwisha panda hadi daraja la juu kabisa. Miaka miwili baadaye ikajikuta ikipambana na wakubwa wa bara zima.

Mlinda mlango wake aliitwa Danilo. Katika hatua ya timu kumi na sita walikutana na Independiente ya Argentina, klabu yenye makombe mengi ya kimataifa; mechi zote mbili zikaisha bila bao, na katika mikwaju ya penalti Danilo akaokoa minne. Katika robo fainali walifungwa bao moja ugenini na Junior ya Colombia, kisha nyumbani wakashinda matatu bila. Nusu fainali ikawakutanisha na San Lorenzo ya Buenos Aires.

Hapa Mkatoliki hana budi kusimama kidogo. San Lorenzo ni timu iliyozaliwa uani mwa kanisa. Mwaka 1908, Padre Lorenzo Massa, Msalesiani, aliwaona vijana wakicheza mpira barabarani katika mtaa wa Almagro, akaingiwa na hofu kwamba wangekanyagwa na tramu. Akawapa uwanja wa kanisa wachezee, kwa sharti kwamba wahudhurie Misa. Vijana walipotaka kuipa timu jina lake alikataa kuheshimiwa hivyo, mpaka ikakubalika kwamba jina liwe la Mtakatifu. Miaka mingi baadaye timu hiyo ikawa na shabiki aliyeitwa Jorge Bergoglio, ambaye sisi tulimfahamu kwa jina la Papa Fransisko, aliyefariki mwezi Aprili 2025. Tunakiri kwamba, kwa kumpenda yeye, nusu fainali ile tuliwaombea San Lorenzo. Hatukusikilizwa. Mkondo wa kwanza ulikuwa bao moja kwa moja. Mkondo wa pili, uliochezwa Chapecó tarehe 23 Novemba, haukuwa na bao, na katika dakika za nyongeza, mpira ukiwa hatua chache tu kutoka golini, Danilo aliuokoa kwa mguu. Kwa faida ya bao la ugenini, Chapecoense wakaingia fainali.

Kama mguu ule ungechelewa, wale watu wasingepanda ndege. Tumelifikiria jambo hilo mara nyingi, na hatulipatii maelezo. Tukiwa seminarini tulifundishwa kurasa nyingi juu ya Maongozi ya Mungu, na hakuna hata moja ambayo tungethubutu kumsomea mama yake Danilo.

Fainali ya kwanza ilipangwa kuchezwa tarehe 30 Novemba mjini Medellín, Colombia, dhidi ya Atlético Nacional. Timu ilifika Santa Cruz, Bolivia, na kutoka hapo ikapanda ndege ya kukodi. Usiku wa tarehe 28, yapata saa nne za kule, ndege hiyo ilianguka mlimani karibu na La Unión, ikiwa imekaribia kufika. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne ya kwanza ya Majilio, saa ambayo sisi tulikuwa tukivaa kwa ajili ya Misa. Watu 77 walikuwemo. 71 walifariki, wakiwemo wachezaji 19, kocha Caio Júnior na waandishi wa habari 20. Waliopona ni sita, watatu kati yao wachezaji: Alan Ruschel, Neto, na Jakson Follmann, mlinda mlango wa akiba, aliyekatwa mguu.

Taarifa ya mwisho ya wachunguzi wa Colombia, iliyotolewa mwaka 2018, ilieleza kwamba ndege iliishiwa mafuta. Mafuta yaliyokuwemo yalitosha muda wa saa 4 na dakika 22, na safari yenyewe ilikadiriwa kuchukua muda ule ule, bila akiba yoyote ambayo sheria za anga zinadai. Hawakutua njiani kuongeza. Basi kuna kanuni ambazo mtu akizilegeza, watu hufa, nasi tunalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba tunayoyaandika chini yake ni dharau kwa kanuni.

Atlético Nacional walikuwa na kila haki. Walikuwa mabingwa wa Copa Libertadores wa mwaka ule ule, na kombe la pili lilikuwa mbele yao. Wangeweza kunyamaza na kungoja uamuzi wa shirikisho, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake, kabla hata waliokufa hawajarudishwa kwao, siku ile ile ya Jumanne, waliliandikia shirikisho la Amerika ya Kusini wakiomba ubingwa wapewe Chapecoense. Siku ya pili, saa ambayo mechi ingeanza, uwanja wa Atanasio Girardot ulijaa watu waliovaa nyeupe, wakishika mishumaa na maua, na maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Watu wa Medellín walikuwa wakiwalilia wageni ambao hawakuwahi kufika. Tarehe 5 Desemba shirikisho likatangaza kwamba Chapecoense ni mabingwa wa mwaka 2016, na Nacional wakapewa tuzo ya uungwana pamoja na dola milioni moja.

Sisi tulizisoma habari hizi kwa simu, tukiwa tumeketi barazani mwa nyumba ya mapadre, kwenye benchi lile lile ambalo miezi minne kabla tulikaa na kamati ya michezo.

Wakati huo tulikuwa paroko msaidizi na mlezi wa vijana, katika parokia nyingine ya jimbo. Kulikuwa na Kombe la Vigango, na fainali ilikuwa Jumapili. Siku ya Alhamisi kigango kimoja kikampoteza mchezaji wake, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyezama mtoni. Akazikwa Jumamosi. Jioni ya Ijumaa katekista wao alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele yetu akiwa ameshika kofia mkononi.

"Baba, tunaomba majuma mawili tu. Vijana hawana miguu."

Tulimpa pole, tukamwambia angoje. Kamati ikakaa. Mgeni rasmi alikwisha alikwa. Mbuzi alikwisha nunuliwa. WAWATA walikwisha gawana sufuria. Ndipo sisi wenyewe, wala hatumsingizii mjumbe yeyote, tukafungua kijitabu cha kanuni tulichokitunga kwa mkono wetu, tukasoma: timu isiyofika uwanjani baada ya dakika 30 imepoteza mchezo. Tukasema kwamba tukianza kuahirisha, hatutamaliza kamwe. Katekista akaitikia, "Haya, Baba," akawasha pikipiki yake.

Jumapili hawakuja. Tulitazama saa, na dakika ya 30 tulimpa mgeni rasmi ishara. Nahodha wa timu iliyokuwepo alipokea kombe kwa mkono mmoja na kulishusha chini papo hapo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mbuzi aliliwa.

Hatuwezi kusema kwamba siku ile dhamiri ilitusuta. Ukweli ni kwamba tulilala vizuri. Ni habari za Medellín zilizotuamsha, na hilo linatuaibisha: kwamba ilibidi tufundishwe na klabu ya mpira ya ng'ambo jambo ambalo tulilipia miaka minane ya falsafa na teolojia. Katika somo la Sheria za Kanisa tuliifanyia mtihani kanuni ya mwisho, ya 1752, inayokumbusha kwamba sheria zote zipo kwa ajili ya wokovu wa roho za watu. Tulipata alama nzuri sana.

Katika Majilio yale tulikwenda kigangoni kuungamisha. Baada ya maungamo tulimwomba katekista atufikishe kwa mama wa marehemu. Tulikaa kwenye mkeka, tukaomba radhi. Mama alitusikiliza, akatuletea chai, akatuuliza kama sisi tumepata chakula cha mchana. Wengi mtakumbuka kwamba mama yake Danilo, siku zile zile za msiba, akihojiwa na mtangazaji wa televisheni, alimgeuzia swali: akamuuliza wao waandishi wanajisikiaje kwa kuwapoteza wenzao wengi hivyo, kisha akamkumbatia. Hatujui akina mama hawa hupata wapi nguvu hiyo. Katekista alitusindikiza mpaka njia panda, na hapo ndipo aliposema lake.

"Baba, kusamehe tumekwisha samehe. Ila timu hatutaleta."

Na hawakuleta, mpaka tulipohamishwa.

Mwezi Novemba 2016, mara baada ya ajali, klabu nyingine za Brazil zilipendekeza kwamba Chapecoense wasishushwe daraja kwa miaka mitatu. Wenyewe wakakataa upendeleo huo, na mwaka 2017 wakamaliza ligi katika nafasi ya nane. Kabla ya mechi yao ya kwanza ya kirafiki, dhidi ya Palmeiras, wale wachezaji watatu waliopona walikabidhiwa kombe uwanjani, Follmann akiwa katika kiti cha magurudumu. Tuliiona picha hiyo, na sura zao hazikuwa sura za washindi. Familia za marehemu zilihangaika miaka mingi kudai fidia. Kombe halikufuta hayo, wala Nacional hawakudai kwamba lingeyafuta.

Bahasha yenye jina moja imetoka kigango kile. Jinsi ilivyovuka mipaka ya parokia mbili mpaka kutufikia sisi hatukuuliza. Mwandiko ni wa katekista, ambaye sasa ni mzee. Misa ya kijana huyo tutaiadhimisha Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili.

Kwa waamini wa parokia yetu: kikao cha kamati ya michezo ni Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi. Kipengele cha dakika 30 tulikihamishia huku pamoja nasi, na bado kimo katika ukurasa wa tatu wa kijitabu. Wajumbe waje na kalamu.

Paroko wenu.