Kikapu cha Majilio

Majilio yanapoingia, nyumbani mwetu hapa Kolwezi hakukaliki. Jioni tunafundisha wakatekumeni, usiku tunazoeza waimbaji nyimbo za Noeli, na katikati tunazuru wagonjwa na kukusanya unga, sabuni na nguo kwa ajili ya wajane na yatima. Mvua nayo hainyamazi; matope yanatufuata hata mlangoni pa kanisa.

Katika Majilio ya mwaka 2021 tuliona kikapu cha maskini ni chepesi. Basi tukasimama mbele ya jumuiya, tukasema kwa ukali: "Kila nyumba ilete faranga 5,000 kabla ya Dominika ya tatu. Asiye na kitu, atafute!" Watu wakaitika, maana neno la katekista ni zito. Walakini sisi wenyewe hatukuwa na fedha hiyo. Tukajiambia, Mungu atatoa.

Ijumaa jioni mtoto wetu wa pili, mwenye miaka 12, akatuletea fedha kamili. "Hii ndiyo sehemu ya nyumba yetu," akasema. Tukafurahi, tukambariki, wala hatukuuliza imetoka wapi. Hapo ndipo tulipokosa.

Usiku mama yake akaitazama mikono yake: vidole vimechanika, ngozi imekunjamana kwa maji. Kumbe siku tatu alitoroka shule, akaenda mtoni kuosha mawe ya kobalti pamoja na wenzake, kwa mtu anayeyauza depo.

Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu mali hii iko chini ya miguu. Mtaani Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Na tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika machimbo karibu na mji wetu, ukaua wachimbaji zaidi ya 40. Sheria ya nchi inawakataza watoto kazi ya machimbo, na sisi tumeifundisha marufuku hiyo mara nyingi.

Tukashika fimbo. Mtoto akasema polepole, "Baba, si ninyi mliosema, asiye na kitu atafute?" Fimbo ikatuanguka mkononi.

Dominika ya tatu ilisomwa Injili ya Yohane Mbatizaji. Watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, aliwaagiza wasidai kupita kiasi walichoamriwa. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi. Siku ile tuliona aibu. Nani alituamuru sisi faranga 5,000? Tulikuwa tukimtengenezea njia Mtoto wa Betlehemu, na huku tukimsukuma wetu mtoni.

Baada ya Misa takatifu tukaieleza jumuiya mambo yote, bila kuficha. Kimya kikatanda. Kisha mama mmoja mjane akainuka nyuma, akasema, "Katekista, na wangu wawili walikwenda huko huko, ili nisiaibike." Lo! Kikapu kilikuwa kwa ajili ya wajane, nasi tulikuwa tumekijaza kwa mikono ya watoto wa mjane.

Siku ile ile tulirudishia kila nyumba fedha yake. Hatukupanga kiasi tena. Wanaume walitengeneza paa la mjane yule lililovuja. Wanawake walileta unga kila mtu kadiri yake, na siku ya Noeli tukala bukari na sombe pamoja, maskini na asiye maskini.

Mambo yote hayakunyoka. Mtoto wetu alirudi shule, na mmoja wa watoto wa mjane pia. Mwingine aliendelea kwenda mtoni kila unga ulipokwisha, nasi tukaendelea kwenda kwao, mara nyingi mikono mitupu.

Ndugu, Majilio yakija, fanyeni kazi za huruma kwa bidii. Lakini kabla ya kupima uzito wa kikapu, itazameni kwanza mikono iliyokijaza.