Lulu 20 na doti mbili za kanga

Siku binti yangu alipopokewa katika sororiti ya Alpha Kappa Alpha, alirudi nyumbani na mfuko umejaa zawadi. Sororiti ni chama cha udada cha wanawake wasomi, na hicho chao kilianzishwa mwaka 1908 na wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, hapa Washington. Rangi zao ni waridi na kijani. Akamwaga mezani bangili za shanga alizotungiwa na wenzake, jina lake herufi kwa herufi, kikombe kilichochorwa kwa mkono, na mkufu wa lulu. Lulu 20, akanieleza, ni za wanawake 20: waasisi, pamoja na wale waliokisajili chama mwaka 1913. Niliuchukua mkufu nikazihesabu.

Udada huo nauheshimu. Hauishii chuoni, kazini kwangu yuko mama mwenye wajukuu ambaye hadi leo huwaita wenzake wa chama dada, na wakiuguliwa huenda. Ila nilipozitazama zawadi zile niliona zote zinamtaja binti au zinakitaja chama. Na zile herufi za Kigiriki za jina la chama, mimi niliyemzaa sizivai, maana si mwanachama.

Kwetu Tanga, shoga humpa shoga yake kanga, na kanga haisemi wewe ni nani. Inakuambia neno. Ndiyo maana mwanamke akifika dukani huomba afunguliwe doti asome jina, yaani yale maneno yaliyo juu ya pindo la chini, kabla hajauliza bei. Jina moja hubembeleza, jingine humchoma jirani. Mama na shoga yake walinunua doti moja wakaikata, kila mmoja akachukua upande wake. Wakienda arusini, mtaa mzima ulijua nusu ya pili iko kwa nani. Vikuba vya asumini walitungiana pia, na kufikia asubuhi vilikuwa vimenyauka. Hakuna aliyedhani mapenzi yamepungua.

Basi nikampigia dada yangu Dar es Salaam atafute Kariakoo kanga za waridi na kijani za kumpa binti yangu na wenzake. Ya kwanza aliipata siku hiyohiyo, rangi zenyewe kabisa, lakini jina lake lilikuwa fumbo la uke wenza. Nikamwambia aiache. Wasichana wale wangeivaa kwa furaha bila kujua wanamsuta nani, na mimi ningekuwa nimewadanganya. Siku ya tatu akapata iliyoandikwa "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Nikaagiza doti mbili.

Nilizikata, nikashona mapindo kwa mkono usiku kwa siku tatu, vikatoka vipande vinne: cha binti yangu na vya wenzake watatu, kila mmoja akimjua mwenye nusu yake. Mmoja akakigeuzageuza chake akauliza kwa nini jina lake halimo. Nikamwonyesha maandishi, nikamweleza maana yake, nikamwambia sisi haya ndiyo tunayoyaita jina, na leo amepewa yeye na mwenziwe.

Wewe uliye nyumbani, ukituagizia kanga za kuwapa marafiki zetu wa huku, soma jina kwanza. Rangi tutavumilia.