Uchungu

Yako maneno katika lugha yetu ambayo huanza ulimini yakaishia moyoni. Uchungu ni moja katika hayo. Kwanza ni ladha ya shubiri na ya jani la mwarobaini. Kisha ni maumivu ya mwanamke anayejifungua, ambayo wengine huyaita utungu. Kisha ni majonzi ya mfiwa na ghadhabu ya aliyedhulumiwa.

Wanafunzi wengi hudhani kuwa maana hizi zimekutana katika neno moja kwa bahati tu. Mimi siamini hivyo. Hasira yaweza kumpanda mtu kwa jambo lisilomhusu, na huzuni yaweza kumjia kwa habari za mgeni. Uchungu hukaa mahali ambapo mtu ana kilicho chake: mwana, mali, heshima au nchi. Ndiyo maana wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tutazame matumizi. Uchungu wa kufiwa hutaja msiba uliokwisha tokea. Lakini mtu akisemwa kuwa ana uchungu na nchi yake, si lazima nchi iwe imepatwa na baa. Anasifiwa kwa upendo ulio macho, uumao kabla ya jeraha. Wala hapana asemaye kuwa fulani ana utamu na nchi yake.

Katika kijiji kimoja cha Iramba, Mkoa wa Singida, nilimsikia mzee akimlalamikia mwanawe aliyeuza ng'ombe wa urithi bila shauri la ndugu zake. Hakumwita mwizi wala mpumbavu. Alisema, "Mtoto huyu hana uchungu." Mgeni wa lugha angedhani kijana anasifiwa, maana nani apendaye uchungu? Waliokuwapo waliinamisha vichwa. Wakulima wa nchi ile wajua kuwa mtama wenye ladha chungu hauliwi sana na ndege kama ule mtamu. Uchungu ni mlinzi wake.

Siku hizi neno hasira laelekea kulimeza neno hili. Nimesoma insha ya mwanafunzi iliyosema kuwa wanakijiji "wana hasira na msitu wao," naye alikusudia kuwasifu kwa kuulinda. Kwa neno moja walinzi waligeuzwa maadui. Hasira hutulizwa kwa radhi, na huzuni hupunguzwa na siku. Uchungu haumtoki mtu ila akubali kwamba kitu kile si chake tena.