Kyondo Kilijua Kiluba

Jioni ikiingia hapa Kamina, Haut-Lomami, nchini Kongo, bafle, yaani spika za muziki, ndizo zinazotawala hewa. Kwa kinyozi ipo, kwa muuza vocha ipo, matangani ipo, kanisani ipo. Haina waya. Kijana anabonyeza kitufe mpaka taa ya buluu ianze kupepesa, anatafuta jina la bafle kwenye simu, anagusa, na sauti ya kike inatangaza kwa Kiingereza kwamba vimeshaungana. Watoto wamekua nalo jambo hilo, halimshangazi yeyote. Mimi ni wa umri ulioona sauti ikisafiri bila waya kwa njia nyingine, moja baada ya nyingine, na kila bafle inapowaka nazikumbuka. Tulichopata ni kingi. Kilichotutoka mikononi nacho ni kikubwa, na sijaona bado mashine ya kukirudisha.

Njia ya kwanza niliyoijua ni kyondo. Kwa asiyewahi kukiona: ni gogo moja la mti mgumu, lenye mbavu bapa, lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa juu. Kingo mbili za mwanya huo hazilingani unene, kwa hiyo upande mmoja hutoa sauti ya juu na wa pili ya chini. Hupigwa kwa vijiti vilivyovishwa mpira kichwani. Na Kiluba, lugha yetu, ni lugha ya toni: neno lile lile ukilipandisha hapa au kulishusha pale, maana inageuka. Kyondo kiliichukua toni hiyo kikaacha herufi. Usiku uliotulia sauti yake ilivuka kilomita kadhaa, na kijiji kilichoipokea kikaisogeza mbele kwa kijiji cha pili.

Mtu wa leo anaweza kudhani zilikuwa kelele za ngoma tu. Hapana. Maneno mengi yana toni zinazofanana, na mpigaji alilijua hilo, kwa hiyo hakutaja kitu kwa jina lake fupi. Alikitaja kwa kirai kirefu kinachojulikana, ili sikio lisikosee. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Walokele karibu na Kisangani, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake kuhusu ngoma zinazosema, kilichotoka mwaka 1949. Aliona kwamba ujumbe wa ngoma huwa mrefu mara nyingi kuliko wa mdomo, na kwamba urefu huo ndio unaouokoa usipotee njiani. Wahandisi wa mitambo ya mawasiliano hufanya vivyo hivyo: huongeza ishara za ziada ili kosa la njiani liweze kugunduliwa na kusahihishwa.

Nakumbuka pia mpangilio wake. Kwanza mwito wa kuwaamsha watu. Kisha jina la anayeitwa, kwa kuwa kila mtu mwenye heshima zake alikuwa na jina la kyondo. Kisha habari yenyewe, ikarudiwa. Mwisho alama ya kufunga. Aliyeitwa alijibu kwa chake, au alimtuma mtoto mbio. Simu na bafle navyo huanza hivyo: kimoja kinajitangaza, cha pili kinasoma jina, vinakubaliana ufunguo, ndipo vinaanza kupelekeana sauti. Tofauti ni kwamba kati ya kyondo na kyondo palikuwa na watu wawili wenye lugha moja.

Baadaye ikaja redio ya transista. BBC ilikuwa imeanza matangazo yake ya Kiswahili tangu mwaka 1957, Sauti ya Amerika ikafuata mwaka 1962, na Redio ya Ujerumani mwaka 1963. Pamoja na hizo tulikuwa na La Voix du Zaïre, sauti ya serikali. Redio ilikuwa moja, masikio yalikuwa ya barabara nzima. Mwenye redio aliiweka juu ya kiti nje ya mlango, akavuta antena, akaigeuza taratibu hadi mchakacho upungue. Betri zikichoka zilianikwa juani kwenye bati mchana kutwa, na jioni zilitoa nusu saa nyingine ya habari. Mei 1978, vita vilipopamba moto Kolwezi, ndege za askari wa Ubelgiji zilitua kwenye kambi ya Kamina, hapa hapa karibu nasi. Lakini habari kamili ya kilichokuwa kikitokea ilitufikia kwa mzunguko, kutoka Ulaya, kupitia kisanduku kile juu ya kiti. Wazee walisikiliza, wakatufasiria Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi kwa Kiswahili chetu cha Katanga, halafu wakabaki wakijadiliana kwa Kiluba hadi usiku wa manane. Habari iliingia kwa lugha moja ikalala kwa lugha tatu.

Halafu miaka ya 1990 ikaja foni. Simu za waya zilikuwa zimekufa, barabara zimeota majani, treni ikija haijulikani itaondoka lini. Mtu wa Kamina akitaka kuzungumza na ndugu yake wa Lubumbashi au Kananga alikwenda kwenye chumba cha foni. Ndani mna mtambo wa redio, betri ya gari sakafuni, na juu waya wa antena uliofungwa kati ya miti miwili. Ulipanga saa, ukalipa, ukasubiri zamu yako kwenye benchi. Unazungumza, unatoa kidole kwenye kitufe, unasikiliza. Hakukuwa na siri hata kidogo. Benchi zima lilisikia kwamba mtoto wako amefaulu au kwamba baba yako amefariki. Nimewaona watu waliopokea msiba pale, na kabla hawajanyanyuka kitini wageni wa benchi walikuwa wameshawashika mabega. Wakati huo faragha ilikuwa haba, na haikuwa raha kwa kila mtu. Ila hakuna aliyeipokea habari nzito akiwa peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Celtel na Vodacom zikaingia, na foni ikafa kimya kimya. Simu za mkononi zikaleta Bluetooth, ambayo ilianza mwaka 1994 kwa wahandisi wa Ericsson kule Lund, Sweden, waliotaka kuondoa nyaya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 makampuni kadhaa yakaungana kuisimamia, na ikapewa jina la lakabu ya Harald, mfalme wa kale wa Denmark. Inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na umbali wake wa kawaida kwenye vifaa vidogo ni kama mita 10. Ili isigongane na mawimbi mengine, huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde. Kwetu kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeana nyimbo. Vijana waliketi ukutani, simu zimekaribiana, wimbo mmoja ukahama kwa dakika kadhaa, na katika dakika hizo ilikuwa lazima mzungumze.

Bafle ikaja juu ya hapo, nayo ina sheria yake: kwa kawaida inamtii mmoja. Simu iliyotangulia ndiyo yenye sauti. Kwenye harusi utasikia, "Yaya, zima yako kwanza, niweke yangu." Yaya, yaani mkubwa wake, asipozima, vijana wanasubiri aende mbali, muziki ukatike, ndipo wa pili auchukue. Nimeona sherehe nzima ikinyamaza kwa sababu mwenye simu ametoka nje kupokea wageni, na nimeona simu ya mama mzazi ikiita ghafla ndani ya bafle, watu mia wakasikiliza mlio. Bado ni chombo kizuri. Panapokosekana umeme, bafle yenye betri na paneli ndogo ya jua imetupa muziki ambao zamani ulihitaji jenereta. Tukumbuke kwamba mtambo wa umeme wa maji wa Kilubi, uliojengwa miaka ya 1950, ulijengwa kwa ajili ya kambi ya jeshi ya Kamina, na kwamba mpaka leo nchini Kongo ni kama mtu mmoja tu katika watano anayefikiwa na umeme. Hatuwezi kuidharau betri.

Sasa kimefika kizazi kingine. Amazon ilitoa spika yake ya Echo Marekani mwaka 2014, Google ikatoa yake mwaka 2016, na spika hizi haziishii kucheza muziki. Zinasikiliza. Unaziita kwa jina, unaagiza, nazo zinaunganisha taa, televisheni, kufuli la mlango. Mwaka 2022 makampuni yalitoa hata kanuni ya pamoja iitwayo Matter, ili vifaa vya viwanda mbalimbali vielewane nyumbani bila ugomvi. Vitu vimefundishwa kusemezana, na vinasemezana vizuri.

Spika ya aina hiyo ilifika nyumbani kwa ndugu yangu, zawadi kutoka kwa binamu aliye Ubelgiji, pamoja na balbu moja inayoamrishwa. Kijana wake aliitengeneza mchana mzima: inverta ya paneli ikatoa umeme, simu ikagawa intaneti, programu ikapakuliwa, maswali yakajibiwa. Swali moja lilikuwa la lugha. Aliteremsha orodha hadi mwisho. Kiswahili hakikuwemo, Kiluba hakikuwemo. Akachagua Kifaransa. Akaagiza taa iwake, ikawaka, na watoto wakashangilia. Amri ile ilikuwa imeruka kutoka chumbani hadi kwenye kompyuta za nchi ya mbali, ikapimwa huko, ikarudi, ili iwashe balbu iliyoning'inia hatua mbili kutoka mdomoni mwake.

Bibi yetu mzee, ambaye tunamwita nkambo, alikuwa amekaa mkekani. Alikisogelea kile chombo akakisalimu kwa Kiluba, kwa adabu zote, kama anavyomsalimu mgeni aliyeingia uani. Hakikujibu. Mjukuu akakiita kwa jina lake, taa ikazunguka, akamwonyesha nkambo kwa mkono kwamba sasa aseme. Nkambo akasema tena, pole pole, akimuuliza mgeni ametoka wapi. Spika ikajibu kwa Kifaransa kwamba haikuelewa. Nkambo alirudi mkekani. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na chombo cha sauti kilichomkataa kwa sababu ya lugha yake. Kyondo kilimjua, redio ilifasiriwa, kwenye foni alizungumza apendavyo.

Kisha mjukuu, akitaka kumtuliza, akaagiza kwa Kifaransa muziki: Missa Luba. Hapo spika haikusita. Sauti za watoto zikaja, ngoma chini yake, na nkambo akainua kichwa. Misa ile ilizaliwa hapa hapa. Padri Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana wa Kamina mwaka 1954, Les Troubadours du Roi Baudouin. Missa Luba ikaimbwa mara ya kwanza katika misheni ya Kamina mwezi Machi 1958, mwaka ule ule kwaya ikazunguka Ulaya na rekodi ikatengenezwa. Miaka kumi baadaye Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza. Maneno ni ya Kilatini, lakini njia ya sauti ni ya Waluba, na nkambo aliifuata kwa mdomo uliofungwa, bila kukosea mahali.

Nimelifikiria sana tukio lile. Chombo kile kina sauti ya Kamina kwa sababu mwaka 1958 mtu aliweka maikrofoni mbele ya watoto wale. Hakina Kiluba cha nkambo kwa sababu hakuna aliyeweka maikrofoni mbele yake. Mashine ya namna hii haijui lugha kwa huruma. Inaijua kwa saa nyingi za sauti zilizorekodiwa na kuandikwa. Kiswahili kimeanza kupata nafasi kwa njia hiyo: mwezi Agosti 2017 Google ilikiongeza kwenye uandishi wa kuzungumza, na mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ukawafungulia Waswahili mlango wa kuchangia sauti zao, watu wa kawaida wakisoma sentensi kwenye simu zao. Kilichofanyika kwa Kiswahili kinaweza kufanyika kwa Kiluba, na kwa Kiswahili chetu cha Katanga pia, ambacho bado kinahesabiwa kuwa kosa la Kiswahili kingine.

Mzee wa mwisho aliyepiga kyondo mtaani kwetu alishazikwa, na vile virai vyake virefu vya kuita majina havikurekodiwa na yeyote. Hilo linaniuma, kwa sababu wakati anafariki kila kijana wa mtaa alikuwa na simu yenye kinasa sauti mfukoni. Tulikuwa na chombo, na mtu tulikuwa naye.

Wapo wazee wengine bado, katika vijiji vya Haut-Lomami, wanaokumbuka mapigo na maana zake. Wapo kina nkambo wanaoweza kusimulia kwa Kiluba kuanzia magharibi hadi watoto walale. Na wapo wanafunzi wa vyuo vya Kamina wenye simu na muda wa likizo. Waende wawaombe ruhusa, wawarekodi, waandike kilichosemwa, pamoja na toni zake, na nakala zibaki Kamina kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Kazi hiyo haihitaji kiwanda wala mkopo, na haisubiri umeme wa Kilubi. Inahitaji ianze kiangazi hiki, maana spika zitaendelea kufika kila mwaka, lakini wazee hawa hawatangoja.