Mgonjwa Yuko Dar, Mama Yuko Bagamoyo

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajawahi kukesha akisubiri simu ilie, na huku akiogopa isilie? Hapa Bagamoyo tunaijua sana hali hiyo. Mgonjwa akizidiwa hata akahitaji mashine ya kupumulia, gari la wagonjwa humpeleka Dar es Salaam, mara nyingi Muhimbili, mwendo wa kilomita 70 hivi. Mtu mmoja au wawili humfuata. Wengine wote hubaki nyumbani na watoto.

Sisi ni wauguzi, na baada ya zamu tunahudumu katika umoja wa akina mama kanisani. Miaka kadhaa iliyopita binti wa mama mmoja wa kanisani kwetu alipatwa na kifafa cha mimba. Mtoto alizaliwa salama, lakini mzazi hakuzinduka, akahamishiwa Dar, chumba cha wagonjwa mahututi. Mume na shangazi walimfuata pamoja na kichanga. Bibi alibaki na wajukuu wawili.

Kwa kuwa tulielewa lugha ya hospitali, yule mume alitupigia sisi kila jioni, nasi tukapeleka habari kwa bibi. Siku ya kwanza alituambia mkewe amelazwa kwa dawa ya usingizi, mashine inampumulia, na figo hazifanyi kazi vizuri. Tulitembea mpaka kwa bibi huku tukitafuta maneno. Tulimkuta akichambua mchele. Tukamwambia, "Anaendelea vizuri, mama. Tuombe tu." Tukaomba, tukaondoka. Siku ya pili tukasema vivyo hivyo.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya tatu ndugu mmoja alirudi na basi la jioni, akatamka pale pale uani kwamba dada yake yuko kwenye mashine. Nanyi mnajua neno hilo linavyosikika huku kwetu: kwa wengi, aliye kwenye mashine amekwisha kufa, inasubiriwa siku ya kuizima tu. Kabla ya sala ya Isha majirani walikuwa wamekwisha kuleta mikeka. Tulipofika, bibi hakulia wala hakutukaripia. Alituuliza tu, "Nanyi mlikuwa mnajua?" Tukanyamaza.

Tangu hapo kila tulichomwambia alikipokea kwa neno moja, "Haya." Hata siku ya sita, mume alipopiga kusema mpira umetolewa na mkewe anapumua mwenyewe, bibi alidhani tunamtuliza kama kawaida yetu. Ilibidi tumwombe mume aingie na simu saa ya kutazama wagonjwa, kwa ruhusa ya muuguzi wa zamu. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mikwaruzo, maana mpira ule huumiza koo. "Mama, watoto wamekula?" Bibi akakaa chini mchangani akamjibu kwa urefu: walikula nini asubuhi, na nani alikataa uji.

Tulikuwa tukijiambia kwamba tulimwonea huruma. Ukweli ni kwamba tulijihurumia wenyewe, tusiuone uso wake akisikia.

Baadaye tulisoma uchunguzi ambao madaktari wa Ufaransa waliuchapisha mwaka 2005. Walizungumza na jamaa 284 wa wagonjwa waliokuwa wamelazwa katika vyumba 21 vya wagonjwa mahututi. Siku 90 baada ya mgonjwa kutoka au kufariki, mmoja kati ya kila watatu alikuwa bado na dalili za mshtuko mkubwa. Miongoni mwa wale walioona kwamba hawakupewa habari kamili, walikuwa karibu nusu. Tuliposoma hapo tulimkumbuka bibi na mchele wake.

Yule diwani wa Kapernaumu, ambaye mwanawe alikuwa hoi, naye alikuwa mbali na kitanda. Watumishi walipokutana naye njiani kumpa habari njema, jambo alilouliza ni saa: mtoto alianza kupata nafuu saa ngapi? Aliye mbali hutaka kitu cha kushika. "Anaendelea vizuri" hakishikiki.

Basi siku hizi familia ikipata mgonjwa Dar, tunakaa nayo usiku ule ule. Wanachagua mtu mmoja wa kuuliza kule na mmoja wa kupokea huku, maana simu kumi za wajomba humchosha muuguzi na kuleta habari kumi. Wanapanga saa, kwa kawaida baada ya saa ya kutazama wagonjwa, na simu hupigwa hata kama hakuna jipya. "Yuko kama jana" ni habari, na mtu huweza kulala nayo. Akina mama huchangia vocha, maana aliyeko Dar akibaki kubipu tu, nyumbani presha hupanda. Kisha tunaeleza mashine ni nini: inampumulia wakati mwili unapumzika na dawa zinafanya kazi, wapo wanaotoka, wapo wasiotoka, na tunayasema yote mawili.

Picha ndizo zinazotusumbua. Vijana humpiga mgonjwa picha akiwa na mipira mdomoni, wakairusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kabla ya jua kuchwa iko Tanga. Mgonjwa hakuulizwa. Na habari ya msiba isiende kwa ujumbe wa maandishi. Tunampigia kwanza jirani, aende akae na mwenyewe, ndipo simu ilie.

Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya hospitali nyingi duniani, Waingereza walianzisha mradi wa Life Lines, wakapeleka vishikwambi kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi ili jamaa walioko nyumbani wawaone wagonjwa wao na kusema nao. Kwetu simu ya tochi inatosha, muuguzi akiwa na dakika mbili. Mgonjwa aliyelala kwa dawa anasikia kiasi gani hatujui. Sisi wauguzi hufundishwa kusema naye kama anayesikia.

Mzee mmoja mvuvi wa Mlingotini alilazwa hivyo, na mkewe miguu haikumruhusu kupanda gari. Muuguzi mmoja wa kule alimwekea mzee simu sikioni. Mama alisalimia kwanza, kama anavyosalimiwa mume, kisha akamwambia kwamba deni la nyavu limelipwa, na mashua imevutwa juu, haiko majini. Akanyamaza kidogo, akarudia habari ya deni. Mzee alifariki alfajiri. Hadi leo tukimtembelea yule mama hutueleza ilikuwa saa ngapi aliposema naye: saa kumi na mbili na robo, adhana ilikuwa bado.